Tepu ya usukani kwa mikono ya jasho: shajara ya mradi, Dar es Salaam

Jumamosi, katikati ya Januari

Mradi wenyewe ni mdogo: kuchagua tepu ya usukani wa baiskeli ya resi, iwe inakaa vizuri mkononi na isiteleze, kisha kuifunga. Kilichoufanya uwe mradi ni hali ya hewa. Maelezo mengi ya tepu hizi yameandikwa na watu wanaoendesha kwenye nyuzijoto 15, glavu mkononi. Mimi naendesha Dar, kaskazi imekolea, nyuzijoto 30 zinapita kabla ya saa nne asubuhi, na hewa imejaa unyevu hata jasho linakataa kukauka. Linaanzia begani, linafuata mkono, linaishia kiganjani. Glavu nilishaziacha, maana zikilowa zinakuwa tatizo jingine.

Baiskeli ni ya mtumba, fremu ya alumini, ilishuka bandarini ndani ya kontena kutoka Ulaya. Usukani wake ni ule uliojikunja kama pembe za kondoo. Ili tuelewane huko mbele, sehemu zake nitaziita hivi: “juu” ni pale bomba linapolala karibu na shingo (kile kipande kinachoubana usukani katikati), “vichwa” ni zile raba za breki ambako mikono inakaa muda mwingi, “pembe” ni ule mkunjo wa chini unaoshikwa ukiwa na haraka au unashuka mlima.

Tepu iliyokuja nayo inang'aa. Tepu ikianza kung'aa ujue uso wake umeshasuguliwa ukaisha, umebaki mgongo. Ukiwa mkavu unashika. Ukitoka Mwenge ukafika Tegeta umeshalowa, na kuanzia hapo kila tuta na kila rasta inakusogeza mkono sentimita moja mbele, unaurudisha, inausogeza tena. Barabara ya Bagamoyo ina rasta za kutosha.

Ninachotaka, kwa kufuatana: isiteleze mkono ukiwa umelowa, isinipe ganzi, ifulike, idumu. Rangi ni ya mwisho. Shemeji yangu, ambaye ana baiskeli ya aina hiyohiyo saizi kubwa na ambaye tunanunua pamoja ili tugawane gharama ya kuagiza, kwake rangi ni ya kwanza. Anataka nyeupe. Nimeandika hapa ili siku ikifika asikatae.

Jumapili mchana: kufungua ya zamani

Nimeanza kwa kukata ile solotepu nyeusi ya umeme iliyofungia mwisho karibu na shingo, halafu nikaizungusha tepu kurudi nyuma hadi kwenye kizibo cha pembe. Ilitoka na gundi yake, na harufu yake sitaieleza. Gundi iliyobaki kwenye bomba nimeitoa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha maji ya sabuni. Hiyo ni kwa alumini. Bomba la kaboni nisingelipaka mafuta ya taa, ningetumia spiriti.

Sasa kilichokuwa chini yake. Upande wa kulia, sentimita chache kutoka kwenye kichwa cha breki, kulikuwa na unga mweupe. Nilidhani ni mabaki ya gundi. Nikaupangusa, chini yake bomba lina vishimo, vidogo, vimejipanga kama ngozi iliyopata ndui.

Alumini haioti kutu nyekundu kama chuma. Inajifunika yenyewe kwa utando mwembamba mgumu unaoilinda, ndiyo maana sufuria zetu hazioti kutu. Lakini chumvi inaupenya utando huo. Jasho lina chumvi, linaingia kwenye tepu, tepu inalihifadhi kwa ukarimu, na bomba linaliwa taratibu mahali ambapo hakuna anayeliona. Wazungu wanaoendesha baiskeli ndani ya nyumba wakati wa baridi wanalijua tatizo hili, kwa sababu ndani hakuna upepo na jasho linadondokea usukani moja kwa moja. Sisi wa pwani tunalipata bure, na hewa ya bahari juu yake.

Nimeupeleka kwa fundi wangu wa Magomeni. Hakusema neno kwanza. Alichukua msumari, akaburuza ncha yake polepole juu ya bomba. Pale kwenye vishimo ncha ikanasa.

“Unausikia unavyonasa, dada? Ingekuwa doa tu msumari ungepita. Hili limeshaliwa. Siku unashuka mteremko wa Pugu likikatika, watakuokota.”

“Haliwezi kusubiri mwisho wa mwezi, fundi?”

“Linaweza. Wewe ndiye huwezi.”

Kwa hiyo mradi wa tepu umekuwa mradi wa usukani. Sina kinyongo. Bora uozo uonekane mezani kuliko barabarani. Na kama kuna jambo moja tu ambalo msomaji wa pwani atalichukua kwenye shajara hii, liwe hili: ifungue tepu yako mara moja kwa mwaka hata kama bado ni nzima, na uangalie chini.

Jumanne

Usukani mwingine umepatikana kwenye lundo la vipuri vya mtumba, nao wa alumini, na fundi ameupitisha msumari wake kabla sijalipa. Ule wa zamani ulikuwa na upana wa sentimita 44, huu una 40. Upana wa usukani hupimwa kwa mabega, mfupa hadi mfupa, na mabega yangu hayajawahi kufika 44. Tayari naona nitakaa vizuri zaidi.

Kabla ya kununua pima pale katikati panapobanwa na shingo. Sukani za siku hizi zina milimita 31.8, za zamani zina 26.0 au 25.4, na shingo ya moja haibani nyingine. Kule inakofungwa tepu hakuna shida hiyo, karibu zote zina milimita 23.8, kwa sababu ndiyo saizi ambayo breki zimetengenezewa. Hiyo 23.8 nitaihitaji baadaye kwenye hesabu ya unene.

Alhamisi usiku: ganzi inatoka wapi

Kabla ya kutoa hela kwa ajili ya ulaini nimekaa nikauliza ganzi yangu ni ya aina gani. Inashika kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Hiyo ni neva ya alna, ile inayopita ukingo wa kiganja upande wa kidole kidogo, chini tu ya kifundo cha mkono, kwenye njia nyembamba ambayo juu yake hakuna nyama ya maana. Ukiegemea usukani kwa ule ukingo wa kiganja unaibana. Kama ganzi ingekuwa kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, hiyo ni neva nyingine, ya katikati ya kifundo, na mara nyingi sababu ni mkono kukaa umekunjika kwenda juu au chini kwa muda mrefu.

Nikaona tepu ni ya mwisho kulaumiwa. Kwanza upepo wa tairi. Nina tairi za milimita 28, na nilikuwa nazijaza hadi 100, kwa kipimo cha PSI kilichoko kwenye pampu, kwa sababu kila mtu kwenye kundi letu anajaza 100, na kila mtu anajaza 100 kwa sababu pampu ya fundi ina alama nyekundu pale. Mimi nina kilo hamsini na kitu. Nimeshusha hadi 70 mbele, 75 nyuma. Tofauti kwenye rasta ni kubwa kuliko tepu yoyote nitakayonunua, na haina gharama. Hakuna tepu ya milimita tatu itakayofanya kazi ambayo tairi lenye hewa nyingi namna hiyo ndani linakataa kuifanya.

Pili, tandiko. Pua yake ilikuwa imeinama. Ukikalia tandiko lililoinama unateleza kwenda mbele siku nzima, na mikono ndiyo inayokuzuia. Nimeliweka sawa kwa pimamaji ya fundi ujenzi wa jirani, ambaye aliniangalia kwa huruma.

Kilichobaki baada ya hayo mawili ndicho cha tepu.

Jumamosi: meza ya majaribio

Usukani uliokufa umepata kazi. Fundi ameubana kwenye jiliwa lake, upande wa kushoto ambao bado mzima, na tumefunga juu yake vipande vifupi vya kila aina tuliyoweza kupata: vya kununua, vya kuomba kwa wenzetu wa kundi la Jumapili, na kimoja cha kuokota. Beseni la maji yenye chumvi pembeni. Unalowesha viganja, unashika, unasokota kama unayekamua nguo. Baadaye unarudia ukiwa umejipaka mafuta ya kujikinga na jua, maana huko barabarani yanachanganyika na jasho na hakuna duka linalokuambia yatafanya nini kwenye tepu.

Ya kwanza ilikuwa ile ya bei nafuu ya Kariakoo. Ni sponji ya EVA, jamii moja na soli za ndala, nyepesi na laini, na ikiwa kavu hutaona kasoro yake. Ikilowa, ngozi inateleza juu yake, halafu ukibana inakamuka. Inakunywa jasho na kulitunza. Nikikumbuka ule unga mweupe, hiyo peke yake inatosha kuitoa.

Ya pili ni sponji hiyohiyo iliyochanganywa na chembe za ule mti unaotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Hii ina heshima yake. Ilienea miaka ya 1980 kupitia kampuni ya Cinelli ya Italia, na ilipofika iliwaokoa watu na mambo mawili: kitambaa cha pamba, ambacho kilishika vizuri lakini hakikuwa na ulaini wowote, na ile plastiki nyembamba ya kumetameta ya Benotto, ambayo ukiiona kwenye picha za zamani inapendeza na sijui walikuwa wanaishikaje wakitoka jasho. Tepu ya kizibo ni laini kwa namna ya kistaarabu, inapunguza mtikisiko bila kubonyea. Kwenye beseni ilishinda ile ya Kariakoo. Ningekuwa naishi Mbeya au Arusha pengine ningeishia hapa.

Ya tatu ni poliuretani, plastiki inayonyumbulika kama mpira. Tulikuwa na mabaki ya tepu ya kampuni ya Lizard Skins, ile wanayoiita DSP, unene wa milimita 2.5, aliyotupa mwenzetu mmoja. Uso wake una vinundu vidogo vilivyokatwa kwa mpango, na unanata kidogo hata mkavu. Nikalowesha mikono, nikasokota. Bomba halikuachia, ngozi ya kiganja ndiyo iliyovutika. Shemeji akaja na mikono yake, naye akasokota hadi jiliwa likalia. Tukatia mafuta ya jua: ilipungua nguvu, haikuacha. Nikaiosha kwa sabuni ya vyombo, ikarudi kama ilivyokuwa. Hapo nilikuwa nimeshaamua, lakini tukaendelea kwa ajili ya haki.

Silikoni ilishika kuliko zote kwenye maji matupu, na ina uzuri mwingine, haina gundi, unaweza kuifungua na kuifunga tena bila kuharibu kitu. Kwenye mafuta ya jua ikawa haishikiki kabisa. Na inakusanya vumbi, nywele, nyuzi za taulo, kila kilichopita karibu.

Tepu ya raketi ya tenisi, zile nyembamba za juu, inapatikana mjini kwenye maduka ya michezo na imetengenezwa kwa ajili ya mkono wenye jasho hasa. Inashika. Lakini unene wake ni kama nusu milimita tu na urefu wake ni sentimita 110 au karibu na hapo, wakati upande mmoja wa usukani unakula mita mbili. Utaunganisha vipande, na kila kiungo ni mahali pa kuanzia kubanduka. Na inachakaa haraka. Kwa raketi siyo tatizo, unabadilisha. Kwa usukani wenye nyaya chini yake, hapana.

Cha kuokota kilikuwa tyubu. Kila mtu aliyekulia na baiskeli hapa ameshaona usukani uliofungwa mpira wa tyubu iliyokatwa utepe, na hakuna kinachoshinda bei yake. Unashika vizuri sana. Pia unapata viganja vyeusi, na baiskeli ikiachwa juani nusu saa huwezi kuushika. Shemeji aliupenda. Nilimkumbusha kwamba anataka nyeupe.

Jumatatu: unene

Poliuretani ya aina ile huja kwa unene wa milimita 1.8, 2.5 na 3.2, na hapa ndipo mimi na shemeji tumegombana vizuri.

Hoja yake ni Paris–Roubaix. Mashindano yale ya kaskazini mwa Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1896, yana zaidi ya kilomita 250 na zaidi ya 50 kati ya hizo ni barabara za mawe yaliyopangwa, mabovu kuliko rasta zozote za kwetu. Waendeshaji wengi siku hiyo hufunga tepu mbili, moja juu ya nyingine. “Kama wao wanafunga mbili, mimi kwa nini nifunge nusu?”

Hoja yangu ni hesabu. Bomba lina milimita 23.8. Funga tepu ya 3.2, kipenyo kinapanda hadi 30.2. Lakini tepu haifungwi ubavu kwa ubavu, inapandana. Pale inapopandana zinakuwa tabaka mbili na kipenyo kinafika 36.6. Ukiwa na ya 1.8, pale pale panafika 31. Tofauti ya mzunguko wake ni karibu sentimita mbili, na hizo sentimita mbili zinatoka kwenye vidole vyako. Kwa mkono wake, ambao ukinipa salamu wangu unapotea ndani, sentimita mbili si kitu. Mimi nikiwa kwenye pembe nimeshika breki kwa ncha za vidole viwili, sentimita mbili ni breki nzima. Kwenye breki kuna skrubu ndogo ya kuusogeza mkono wa breki karibu na usukani, nimeikaza hadi mwisho tayari, hakuna pa kwenda zaidi.

Kuna jambo lingine kuhusu unene. Bomba nene mno linalazimisha mkono ubane kwa nguvu ili lisitoke, na mkono unaobana muda wote ndio unaochoka na kufa ganzi, hata kama kilicho chini yake ni godoro. Sehemu kubwa ya ulaini ninaoutafuta inatoka kwenye mshiko. Uso ukishika wenyewe, vidole vinalegea, kiganja kinaacha kusuguana, na kazi imekwisha bila kuongeza milimita.

Mimi nachukua 1.8. Pale ukingo wa kiganja unapokaa, yaani juu, na nyuma kidogo ya vichwa, nitalaza vipande vya ile tepu ya kizibo chini yake, kwa urefu tu, bila kuvizungusha. Wanauza vipande vya jeli kwa kazi hiyo, lakini tepu iliyobaki ninayo. Shemeji anachukua 3.2. Nyeupe.

Mwisho wa Februari: kufunga

Mzigo umefika na mtu aliyekuwa anarudi safari. Nimefunga yangu leo jioni pale kwa fundi, yeye akiangalia mikono mfukoni, kitu kinachotia woga kuliko mtihani.

Nyaya kwanza. Kwenye breki za siku hizi zinapita chini ya tepu, na tepu ya 1.8 haifichi kitu: waya ukikaa ovyo utausikia kiganjani kila siku. Nimezilaza mbele ya bomba kwenye mfereji wake na kuzifunga kwa tepu ya umeme mahali kadhaa. Raba za vichwa nimezikunja kuelekea mbele. Vile vipande vya kizibo vikalala mahali pake.

Sasa uelekeo, jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi tepu ianze kulegea. Tepu inatakiwa izungushwe upande ambao mkono wako unausokota, ili kila unapoendesha uwe unaikaza. Kwenye pembe mikono husokota kwenda nje, kwa hiyo ukiwa nyuma ya usukani, upande wa kulia unazungusha kama saa inavyokwenda na wa kushoto kinyume chake. Juu ni tofauti: ukivuta usukani ukipanda mlima, mikono inasokota kuja kwako, kwa hiyo tepu inatakiwa ipite juu ya bomba kutoka mbele kuja nyuma. Tatizo ni kwamba ukianza chini kwa kwenda nje na ukaendelea hivyohivyo, ukifika juu utajikuta unapita kutoka nyuma kwenda mbele. Inabidi ugeuze njiani. Mahali pa kugeuzia ni kwenye kichwa cha breki: tepu inapanda kutoka chini, inavuka upande wa pili wa kichwa, inazunguka nyuma ya bomba na kurudi, umbo la nane, na inatoka ikiwa imebadili uelekeo. Umbo hilo pia linafunika lile pengo la bomba tupu ambalo vinginevyo ungeliziba kwa kipande kidogo kinachokuja ndani ya boksi.

Nimeanzia chini, nusu ya upana wa tepu ikining'inia nje ya bomba ili isukumwe ndani na kizibo cha pembe. Kizibo si pambo. Bomba lililo wazi likikuangukia tumboni au pajani linakata nyama duara. Kila mzunguko unapandana na uliopita kwa kama theluthi. Kwenye mkunjo, upande wa nje unapanuka na kutaka kuachana, kwa hiyo pale unapandisha zaidi ndani ili nje isiachane. Unavuta muda wote, kwa nguvu ileile. Poliuretani inavutika kidogo na kukaa. Ukiivuta kama mtu anayefunga mzigo wa mkaa inakonda na kupoteza ule unene ulioulipia, tena karibu na ukingo inaweza kuchanika. Fundi alifungua mdomo mara moja tu, nilipofika kwenye mkunjo wa kulia: “Legeza bega, dada. Unaifunga tepu, humfungi mwizi.”

Mwishoni, karibu na shingo, nimekata kwa mshazari ili mwisho ukae sawa na bomba, nikamalizia na tepu ya umeme. Mizunguko ya mwisho ya tepu hiyo usiivute, ilaze tu. Iliyovutwa inajirudi kwenye joto na kuanza kubanduka.

Kazi ya mkono wa kulia ilichukua muda wa chai mbili. Wa kushoto moja.

Jumapili ya kwanza ya Machi

Bagamoyo na kurudi. Joto la kawaida, yaani kali. Kufika Bunju jasho limeshateremka, nikashika juu, nikashika pembe, nikarudi vichwani. Mkono unakaa pale unapouweka. Kwenye rasta za kwanza nilijikaza kwa mazoea, nikisubiri kule kuteleza kwa sentimita moja, hakukuja. Baada ya Mapinga nikagundua nashika kwa vidole vitatu, kiganja kimelegea.

Ganzi ilikuja wakati wa kurudi, karibu na Tegeta, kwenye kidole kidogo cha kushoto tu, na iliondoka nilipobadili mkao. Nadhani kipande cha kizibo upande huo kimekaa nje kupita kiasi. Sitakifungua sasa.

Wenzangu wameuliza bei. Nimewaambia, wakaguna. Ni kweli, kwa bei hiyo unanunua tairi zuri na chenji. Mwenye bajeti ndogo ningemwambia achukue ile ya kizibo ya kampuni inayoeleweka, aifunge kwa uelekeo sahihi, ashushe upepo, na aibadilishe kabla haijaanza kung'aa. Ile ya sponji tupu nisingemwambia hata kwa bure.

Katikati ya Machi, mvua za kwanza

Mvua imetukuta darajani Kigamboni, ile ya matone makubwa. Tepu iliyolowa mvua inashika vizuri kuliko iliyolowa mafuta ya jua, kama beseni lilivyosema. Nyumbani nimeiosha kwa maji ya sabuni ya vyombo na brashi laini ya viatu, nikaiacha kivulini. Petroli au mafuta ya taa havitagusa uso huu. Gundi chini nitaitoa navyo siku nikiifungua, juu hapana.

Shemeji amefunga ya kwake, au tuseme fundi amemfungia, ya 3.2. Usukani umenenepa na anaupenda. Anasema sasa hivi anashika kitu. Simbishii, mkono ni wake. Nyeupe imekaa nyeupe hadi mnyororo wake ulipotoka kwenye gia maeneo ya Kibada akaurudisha kwa vidole na kuushika usukani bila kufikiri. Ameisugua jioni nzima. Upande wa kulia sasa ni wa kijivu, na amesema kijivu ndicho alichokuwa anakitaka.

Yaliyobaki: masika ikiisha nafungua upande mmoja, wa kulia, niangalie alumini imevumiliaje. Kizibo cha pembe ya kushoto kimelegea, kinatoka kwa mkono. Fundi anavyo vile vya skrubu vinavyotanuka ndani ya bomba. Kesho nikitoka kazini napitia Magomeni.